Uzi: Nilikuta kosa kwenye CV yangu baada ya kusaini ofa, na uhakiki ulikuwa umeshaanza

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu mwezi uliopita nilipata jambo lililoninyima usingizi, na nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili nikaishia kusoma "usidanganye kwenye CV" mara kumi. Mimi sikudanganya. Nilikosea, ila kosa lenyewe lilikaa mkao wa uongo.

Iko hivi. Nilipewa ofa nikasaini. Ilikuwa ofa ya masharti: ajira itathibitishwa uhakiki wa taarifa ukikamilika. Siku mbili baadaye ikaja fomu ya kampuni inayowafanyia uhakiki. Wanataka kila kazi ya miaka kumi iliyopita, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, cheo, na mtu wa utumishi wa kuulizwa. Nikaona nisijaze kwa kukumbukakumbuka, nikatoa bahasha ninayotunzia vyeti.

Cheti cha utumishi cha kazi yangu ya pili kinasema Machi 2016 hadi Februari 2019. CV yangu, ileile iliyoniitia usaili, inasema Machi 2016 hadi Novemba 2019.

Miezi tisa.

Niliziweka karatasi mbili sambamba mezani, nikazisoma kwa kidole. Kisha nikarudi kwenye barua pepe nilizowahi kutuma, nikafungua CV za zamani moja moja mpaka nikapaona. Nilipotoka pale mwaka 2019 nilifanya mkataba mfupi sehemu nyingine, Mei hadi Novemba. CV yangu niliipanga kwa jedwali: kushoto tarehe, kulia kazi. Mwaka 2021 niliambiwa CV isizidi kurasa mbili, nikaamua kuutoa ule mkataba mfupi. Nikafuta maneno ya kulia, nikaunganisha visanduku vya kushoto, na katika kuunganisha, "Februari 2019" ikafutika, "Novemba 2019" ya mkataba mfupi ikapanda juu na kukaa kwenye kazi isiyo yake. Faili hilo ndilo nimekuwa nikilituma kila mahali tangu siku hiyo.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mtu asiyenijua. Anachokiona ni mwombaji aliyejiongezea miezi tisa na kuficha kwamba aliwahi kukaa bila kazi. Kosa limenipamba. Lingekuwa limenipunguzia muda wala nisingehangaika sana.

Nakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa kujaza fomu kwa tarehe za CV ili karatasi zifanane. Nimelitaja kwa makusudi, maana najua si mimi pekee litakayemjia. Mpaka dakika ile nilikuwa mtu aliyekosea. Ningejaza vile huku cheti kiko mezani, ningekuwa mwongo kuanzia sekunde ile, tena kwa mwandiko na sahihi yangu. Wazo la pili lilikuwa kujaza tarehe sahihi na kunyamaza. Hilo lilinivuta zaidi, lakini nikajiuliza: mwenye kulinganisha fomu na CV atakapoona tofauti, ataijaza na nini? Ataijaza na dhana yake.

Nikaandika barua pepe kwa yule afisa wa utumishi aliyenitumia ofa. Naiweka hapa kama ilivyokuwa, nimetoa majina tu:

"Nilipokuwa najaza fomu ya uhakiki nimegundua kosa kwenye CV niliyowatumia. Kazi yangu ya pili niliimaliza Februari 2019, si Novemba 2019. Novemba 2019 ni mwisho wa mkataba wa miezi saba nilioufanya kwingine kuanzia Mei mwaka huo, ambao niliutoa kwenye CV wakati nafupisha kurasa, na tarehe yake ikabaki kimakosa. Machi na Aprili 2019 sikuwa na kazi. Naambatanisha CV iliyosahihishwa, cheti cha utumishi, na nakala ya mkataba huo. Fomu ya uhakiki nimeijaza kwa tarehe sahihi. Samahani kwa usumbufu. Nipo tayari kwa swali lolote."

Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mara nne ya hiyo. Ilieleza jedwali, visanduku, na jinsi ninavyothamini uaminifu. Mke wangu aliisoma akaniambia inasomeka kama ya mtu anayejitetea mahakamani. Nikakata.

Niliituma saa mbili asubuhi. Jibu: "Tumepokea, asante kwa kutujulisha. Itawekwa kwenye faili lako." Halafu siku sita za kazi kimya. Siku ya saba wakaomba hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza na wa mwisho wa ule mkataba mfupi. Nikatuma siku hiyohiyo. Siku mbili baadaye ikaja barua ya kuthibitisha, na wiki iliyopita nimeanza kazi.

Naomba wenye uzoefu waongezee, hasa mliowahi kukaa ofisi za utumishi. Nawasilisha.

Bado Natafuta

Hongera sana mkuu, ila naomba kuuliza kwa nia njema. Huoni kwamba ulijichongea? Kuna sehemu uhakiki ni jina tu, hata simu hawapigi. Ungekaa kimya huenda wasingejua milele.

Mtunza Faili

Mdogo wangu Bado Natafuta, hilo ngoja nilijibu mimi. Nimekaa utumishi miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mpokeaji wa ripoti za uhakiki.

Ripoti inakuja na safu mbili. Safu ya kwanza: mwombaji alisema nini. Ya pili: chanzo kimethibitisha nini. Pembeni kuna alama, inalingana au hailingani. Basi. Aliyeijaza hakuwepo kwenye usaili wako, hajui kama wewe ni mcheshi au mchapakazi, na hana sehemu ya kuandika "nadhani ni bahati mbaya". Waajiri wengi wa zamani nao wanajibu kwa ufupi mno: alianza lini, aliacha lini, cheo gani. Chuo kinajibu kama tuzo ilitolewa, ipi, na mwaka gani. Ukavu huo wa ripoti ndio unaofanya kosa dogo lionekane kubwa. Barua ya mleta uzi ilipotangulia, ile alama ya "hailingani" ilipofika ilikuta maelezo tayari yapo kwenye faili. Mtu wa utumishi anasoma, anaona vinaoana, anaendelea na kazi nyingine. Barua hiyohiyo ikija baada ya kuitwa na kuulizwa, maneno yawe yaleyale, haina uzito uleule. Nimeziona za aina zote mbili.

Na tusidhani kila tofauti ni balaa. Tofauti ya wiki mbili tatu sikuwa naigusa kabisa. Watu wanakumbuka mwezi waliopewa barua, ofisi inakumbuka mwezi jina lilipoingia kwenye orodha ya mishahara. Zipo tofauti nyingine ambazo nilizizoea hadi nikawa nauliza mwenyewe kabla sijamshuku mtu. Kubwa kuliko zote ni ya wakala wa ajira: mtu amekaa dawati moja miaka mitatu, lakini mwaka wa kwanza alikuwa analipwa na wakala, kwa hiyo kampuni inasema kwa dhati kabisa kwamba imemjua kwa miaka miwili. Hakuna aliyedanganya hapo. Dawa yake ni kuandika kwenye CV jina la wakala na jina la sehemu ulikopelekwa, yote mawili. Kampuni iliyouzwa ikabadilishwa jina ni hivyohivyo. Mwaka wa kumaliza mitihani na mwaka wa mahafali ni hivyohivyo.

Vyeo ndivyo vinavyoumiza watu wasio na kosa. Nakumbuka binti mmoja aliandika "Meneja wa Mradi", mwajiri wake wa zamani akathibitisha "Mratibu". Kwenye karatasi amejipandisha. Kumbe barua ya ajira ilisema Mratibu, lakini kadi yake ya kazi na kila barua pepe aliyotumwa kuandika kwa wateja ilisema Meneja. Alituletea picha ya kadi na barua yake ya ajira, tukamalizana kabla ya chakula cha mchana. Ushauri wangu: andika cheo kilichoko kwenye barua ya ajira, kisha eleza majukumu. Majukumu hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Lakini nisiwafiche upande mwingine. Kuwa mkweli hakukupi sifa usiyokuwa nayo. Nilipata kijana aliyeandika shahada na mwaka wake. Chuo kikajibu hakuhitimu. Alikuja ofisini akiwa na picha yake ya mahafali, amevaa joho, na mama yake pembeni. Somo moja la mwaka wa pili matokeo yake hayakuwahi kuingia, na hakuna aliyemwambia. Cheti alikuwa hajakifuata kwa miaka minne. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Tangazo letu lilisema shahada ni lazima, kwa hiyo ofa iliondolewa. Nilichoweza kumfanyia ni kuandika kwenye faili kwamba sababu ni sifa na si udanganyifu, ili akiomba tena mlango usiwe umefungwa. Vijana, cheti kifuate mwenyewe chuoni. Kisome. Angalia jina, mwaka, na daraja.

Kuhusu "huenda wasingejua milele": chini ya fomu huwa kuna tamko, unasaini kwamba taarifa zote ni za kweli na kwamba ikigundulika vinginevyo unaweza kuachishwa kazi wakati wowote. Tamko hilo halina tarehe ya kuisha. Marilee Jones alikuwa mkuu wa udahili pale MIT, Marekani. Mwaka 2007 alijiuzulu ilipobainika kwamba shahada alizojiandikia hakuwa nazo, na alikuwa ameshafanya kazi chuoni hapo miaka 28. Mwaka 2012 Scott Thompson aliondoka ukurugenzi mkuu wa Yahoo hata miezi mitano haijaisha, kwa sababu maelezo yake yalitaja shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta wakati yake ilikuwa ya uhasibu tu. Hawa siwalinganishi na mleta uzi, mambo yao ni mengine. Nawataja kwa sababu ya muda. Mstari usio sahihi unaweza kukusubiri robo karne.

Bado Natafuta

Nimekuelewa mkuu, asante. Sikujua ripoti inakaa hivyo.

Kaskazi

Naomba nichangie kutoka upande mwingine, maana mimi CV yangu ilikuwa sahihi na ripoti ndiyo iliyokosea.

Mwajiri wangu wa kwanza alijibu kwamba hajawahi kuniajiri. Niliambiwa kwa simu, na yule dada sauti yake ilikuwa imeshabadilika, sio ile aliyonipigia nayo kunipa hongera. Nilitetemeka. Nikafanya kosa la kutuma barua pepe nne kwa saa moja, kila moja na maelezo mapya. Baadaye ndipo ikajulikana: walitafuta kwa jina langu la ndoa, na pale nilifanya kazi kwa jina la baba yangu. Cheti cha ndoa na barua ya kwanza ya ajira vikamaliza yote. Fomu ilikuwa na sehemu ya "majina mengine uliyowahi kutumia" na mimi niliiacha wazi, hivyo nami nina sehemu yangu ya kosa.

Kilichonisaidia ni kuomba nakala ya ripoti yenyewe. Usibishane na ripoti usiyoiona. Nchi nyingi sasa zina sheria inayokuwezesha. Marekani wana Fair Credit Reporting Act ya mwaka 1970: mwajiri anayetumia kampuni ya uhakiki lazima kwanza apate kibali chako cha maandishi, na kabla ya kukukataa kwa sababu ya ripoti hiyo lazima akupe nakala yake na muhtasari wa haki zako. Ukipinga, kampuni iliyoitengeneza kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza upya. Ulaya wana GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018; kifungu cha 15 kinakupa haki ya kuona taarifa zako, cha 16 haki ya kusahihishiwa. Kenya wana sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, zote zinagusa haki ya kusahihisha taarifa zako. Sisemi uende na vifungu mkononi siku ya kwanza. Omba kwa upole: "Naomba kuona kilichoandikwa ili niweze kukijibu." Mimi nilipewa siku hiyohiyo.

Na kuna hili ambalo mleta uzi hakulitaja: usiache kazi uliyonayo mpaka uhakiki uishe. Mimi niliandika barua ya kuacha siku niliyosaini ofa, kwa furaha. Uhakiki ulipokwama sikuwa na kazi ya zamani wala mpya. Wiki tano. Nilipata kazi mwishowe, lakini zile wiki tano sitazisahau.

Mleta uzi

Dada Kaskazi, pole sana, na asante kwa kulileta hilo la kuacha kazi. Mimi niliomba kwa maandishi kwamba tarehe ya kuanza ihesabiwe kuanzia uhakiki utakapokamilika, wakakubali bila shida. Ni sentensi moja tu, na ndiyo iliyonipa ujasiri wa kutuma barua ile. Kama ningekuwa nimeshaacha kazi, sijui kama ningekuwa na moyo wa kusema.

Mtunza Faili, lile la kijana na picha ya mahafali limeniumiza. Nimesoma mara mbili.

Mchangiaji mpya

Wakuu, mimi niko kazini mwaka wa tatu. Juzi natengeneza CV upya nikaona kwamba ile niliyoombea kazi hii ina mwaka wa kuanza kazi ya zamani uliopishana na barua ya ajira. Niliandika 2014, barua ni 2015. Uhakiki ulipita, hakuna aliyeuliza. Nifanyeje?

Mtunza Faili

Jiulize kwanza kama huo mwaka mmoja ulibeba chochote. Tangazo la kazi lilitaka uzoefu wa miaka mingapi? Ukiutoa huo mwaka, bado unafika?

Kama unafika, tafuta nafasi ya kawaida. Ofisi nyingi hutaka watumishi wahuishe taarifa zao kila baada ya muda. Peleka CV sahihi, na sentensi moja juu yake: "Nimesahihisha mwaka wa kuanza, awali niliandika 2014 kimakosa." Weka nakala ya siku uliyopeleka.

Kama hufiki, usiandike kitu leo. Tafuta kwanza mtu wa sheria za kazi, au chama chako cha wafanyakazi kama unacho, soma naye mkataba na lile tamko ulilosaini, ndipo mpange namna ya kusema. Sikwambii unyamaze. Nakwambia kwamba barua ya namna hiyo inagusa mkate wako na haifai kuandikwa usiku ukiwa peke yako na hofu.

Mchangiaji mpya

Walitaka miaka mitatu. Nilikuwa na minne, kumbe mitatu na miezi. Nafika. Nashukuru mno mzee wangu.

Bado Natafuta

Na mimi nina la mwisho. Kampuni yangu ya kwanza ilifungwa. Hakuna ofisi, hakuna simu. Kwenye fomu nitaandika nini? Nikiacha wazi si wataona nimeibuni?

Kaskazi

Usiache wazi, na usiweke namba ya rafiki yako ajifanye HR. Nimeona mtu kaharibikiwa hapo wakati kila alichoandika kilikuwa kweli.

Andika "kampuni ilifungwa" na mwaka. Kisha ambatanisha chochote chenye jina lako na jina lake: taarifa ya michango ya hifadhi ya jamii, hiyo ni nzuri kuliko zote kwa sababu inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia, hati za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, barua ya ajira. Na kama bosi wako wa wakati ule yupo kazini kwingine, mpigie kwanza, muombe ruhusa, mkumbushe na miezi. Watu wanasahau. Asije akakuthibitishia tarehe za kubahatisha.

Bado Natafuta

Nimetoka kufungua bahasha yangu ya vyeti kwa ajili ya huu uzi. Hiyo taarifa ya michango ninayo. Ila nimekuta mwaka wa stashahada kwenye CV ni 2017 na cheti kinasema 2018. Hiyo CV niliituma juzi, usaili ni Alhamisi.

Mtunza Faili

Watumie sahihi leo, kabla ya usaili. Mistari mitatu, na picha ya cheti. Siku yenyewe ingia na nakala mbili zilizosahihishwa, uwape kabla hawajafungua ile ya zamani.